Kompyuta Nzito Si Lazima Iwe na Virusi: Mwongozo wa Matunzo na Ulinzi kwa Watumiaji wa Mwanza

Kwenye meza yangu ya ufundi hapa katikati ya Mwanza, maneno ninayoyasikia mara nyingi kuliko yote ni haya: "Fundi, kompyuta yangu nzito, niwekee antivirusi." Anayesema hivyo ameshajipima mwenyewe na ameshajiandikia dawa, na mara nyingi ameshameza nyingine mbili tatu kabla ya kunifikia: programu ya kusafisha aliyoipakua baada ya kuona tangazo, antivirusi ya majaribio iliyokuja na mashine, na nyingine tena aliyowekewa na rafiki kwa flashi. Nikifungua nakuta zote tatu zinagombea diski moja iliyochoka. Mwongozo huu unafuata utaratibu uleule ninaoutumia mimi mezani, kuanzia kupima hadi kuhifadhi nakala, na nimeuandika kwa wenye Windows 10 au Windows 11 kwa kuwa ndizo zilizomo katika karibu kila mashine ninayoletewa. Majina ya sehemu za kubonyeza nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usipotee njiani.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kuweka chochote

Washa mashine, ingia, kisha usifungue chochote kwa dakika tano, kwa sababu Windows ina kazi zake za mwanzo ambazo zitakudanganya ukipima mapema. Baada ya hapo bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili dirisha la Task Manager lifunguke, na utazame safu tatu: CPU (kichakata), Memory (kumbukumbu) na Disk (diski). Kila moja ina asilimia juu yake. Ikiwa Disk inakaa kwenye asilimia 100 au karibu yake ilhali hakuna unachokifanya, mshukiwa wako wa kwanza ni diski yenyewe, hasa kama ni ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Ikiwa Memory imepita asilimia 85 na mashine ina GB 4 tu, unahitaji kuongeza kumbukumbu au kupunguza programu zinazowaka pamoja na Windows. Ikiwa ni CPU iliyopanda, bonyeza neno hilo ili programu zijipange kuanzia inayokula zaidi, kisha usome jina la ile ya juu. Jina la Antimalware Service Executable huwashtua wengi, na nimeona watu wakihangaika kulizima kwa kudhani kuwa ndilo virusi. Hiyo ni Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ikiwa kazini, na ukiiachia mashine usiku mmoja ikiwa kwenye chaja, kwa kawaida hukamilisha ukaguzi wake na kutulia.

Mwalimu mmoja wa sekondari alivuka kutoka Sengerema na kompyuta mpakato ambayo alikuwa ameshalipia mara tatu, kwa mafundi watatu tofauti, "kuondolewa virusi". Kila mara ilipata nafuu ya wiki moja kisha ikarudia kuganda. Niliweka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, na neno Caution likatokea juu kwa rangi ya njano: diski ilikuwa imeshaanza kuhamisha taarifa kutoka sehemu zake zilizokufa kwenda sehemu za akiba. Virusi havikuwemo hata kimoja. Nilipomuuliza anavyoibeba, alisema huifunika tu na kuitia begini, kisha hupanda bodaboda. Diski ya sahani ina kichwa kinachosoma kikiwa juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, na kompyuta ambayo haijalala sawasawa inaweza kuwa bado inaizungusha wakati pikipiki inaruka mawe ya barabarani. Tulinakili mitihani yake kwanza, kabla ya kugusa kingine chochote, kisha tukaweka diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake. Kwa mashine za mitumba zinazouzwa hapa mjini, nyingi zikiwa ni Dell na HP zilizostaafishwa na maofisi ya Ulaya, sijaona fedha inayorudisha faida haraka kama ile ya kubadilisha diski ya sahani kuwa SSD. Yule mwalimu angeweza kuinunua kwa yale malipo matatu.

Pima pia joto, kwa mkono tu. Weka kiganja kwenye tundu la pembeni linalotoa hewa. Hewa ikiwa haba huku feni ikilia, ndani kumeziba. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna jambo letu ambalo vitabu vya kompyuta havilitaji: wale wadudu wadogo wanaoinuka kutoka majini kama moshi na kukimbilia taa usiku. Aliyezoea kufanyia kazi karibu na dirisha lililo wazi anawavuta kwa mwanga wa skrini, na feni inawanyonya. Nimewahi kufungua mashine iliyotoka Kirumba nikakuta mbele ya mapezi ya kupoozea kuna zulia la kijivu, unene wa shilingi, lililofumwa kwa vumbi na mabawa ya wadudu hao, ambalo lililegea na kutoka zima kwa kibanio. Kichakata kilichopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, na mtumiaji anachokiona ni uzito uleule anaouita virusi. Safisha feni angalau mara moja kwa mwaka kwa hewa ya bloa huku umeizuia feni isizunguke. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina majimaji.

Hatua ya pili: ondoa kilichozidi

Fungua Settings, kisha Apps, usome orodha nzima taratibu. Unachokitafuta ni mambo mawili: antivirusi zaidi ya moja, na programu zinazojiita za kusafisha, kuongeza kasi au kusasisha madereva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta.

Antivirusi mbili zinazolinda muda wote hazikupi ulinzi maradufu. Kila faili linapofunguliwa, zote mbili hulizuia ili zilikague, na kila moja inaweza kuiona mwenzake kuwa mvamizi kwa sababu ndani yake mna alama za virusi. Ondoa ya ziada kwa njia ya kawaida, na ikigoma au ikiacha mabaki, tafuta zana rasmi ya kuondolea kwenye tovuti ya mtengenezaji. Avast, McAfee, Norton na ESET wote wanazo. Wamiliki wengi wa mashine mpya hunieleza kwamba wana antivirusi, na nikitazama nakuta ni ya majaribio, imekwisha muda tangu mwaka juzi, na kazi iliyobaki nayo ni kuwaletea dirisha la kuwaomba walipe. Iondoe, kisha uiwashe kompyuta upya, na Defender itashika nafasi yake.

Kuhusu programu za kusafisha, nitasema ninachokiamini bila kuzunguka: kwa mtumiaji wa kawaida hazihitajiki, na baadhi yake ni hila. Mwaka 2019 nchini Marekani, kampuni ya Office Depot na mshirika wake Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo kuonyesha jinsi kipimo chao cha bure cha afya ya kompyuta kilivyofanya kazi. Mwanzoni mwa kipimo mteja aliulizwa maswali manne, kwa mfano kama mashine yake ni nzito au inajizima, na akijibu ndiyo hata kwa swali moja, kipimo kilitangaza dalili za virusi bila kujali kilichokuwamo ndani. Mwaka 2024 tume hiyohiyo ilizifikia Restoro na Reimage, zilizouza programu za kutengeneza kompyuta kwa kuwatisha watu kwa matokeo ya aina hiyo, nazo zikakubali kulipa dola milioni 26. Kwa hiyo unapoona dirisha linalokuambia kwamba mamia ya makosa yamepatikana na kwamba yatarekebishwa ukilipia, kumbuka kwamba anayehesabu makosa ndiye anayeuza marekebisho.

Hata programu yenye jina jema inaongeza mlango mwingine kwenye nyumba yako. CCleaner iliaminiwa na watu duniani kote, lakini mwaka 2017 wavamizi waliingia katika mitambo ya watengenezaji wake na kupandikiza virusi ndani ya toleo la 5.33, ambalo liliwafikia zaidi ya watumiaji milioni 2 likiwa na sahihi halali ya kampuni. Nao usafishaji wa rejista ya Windows, yaani daftari la ndani la mipangilio yake, ambao programu hizi huupigia debe sana, Microsoft yenyewe imeandika kwamba haiungi mkono programu za kuufanya, na mimi sijawahi kupata mashine iliyoongezeka kasi kwa sababu hiyo. Nimepata ambazo Office iligoma kufunguka baada ya hapo.

Kinachotosha kiko ndani ya Windows tayari. Kwenye Settings ingia System, kisha Storage, uondoe faili za muda kupitia Temporary files, ukihakikisha kwanza kwamba hujaweka alama kwenye Downloads kama unavihitaji vilivyomo. Kisha rudi Task Manager, sehemu ya Startup apps, uzime visivyo vya lazima kuwaka pamoja na mashine. Basi.

Hatua ya tatu: chagua mlinzi mmoja, umthibitishe kuwa yuko macho

Defender huja bure na Windows 10 na 11, na kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikipata alama za juu katika vipimo vya maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani. Kwa wateja wangu wengi, yaani walimu, wanafunzi, wahasibu wa maduka na wenye nyumba za wageni, hiyo ndiyo ninayoiacha. Andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue, uingie Virus & threat protection, na uhakikishe mambo matatu: Real-time protection imewashwa, Tamper Protection imewashwa ili virusi visiweze kuizima kwa siri, na tarehe ya taarifa za virusi ni ya siku chache zilizopita. Ukishuka chini zaidi utaona Ransomware protection, yaani kinga dhidi ya virusi vya kikombozi, vile vinavyofunga mafaili yako na kudai fedha. Ndani yake mna Controlled folder access. Huja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haitaruhusiwa kubadilisha chochote ndani ya folda zako za Documents na Pictures. Itakusumbua siku za mwanzo kwa kuzuia hata programu halali, nawe utairuhusu moja baada ya nyingine, lakini kwa mwenye hesabu za biashara kwenye mashine hiyo usumbufu huo unastahili kuvumiliwa.

Kulipia antivirusi si kosa. Ofisi yenye mashine kumi na mtu mmoja wa kuzisimamia itafaidika na bidhaa inayoonyesha hali ya mashine zote sehemu moja, na mzazi anaweza kutaka vizuizi vya watoto vilivyomo kwenye vifurushi vya aina hiyo. Bitdefender na ESET zimewafaa wateja wangu waliozinunua, na ESET hasa wameisifu kwa wepesi kwenye mashine za zamani. Malalamiko ninayoyasikia kwa vifurushi vikubwa ni yaleyale: madirisha ya kuuza huduma nyingine wakati umeshalipa, mwaka wa pili kuwa ghali kuliko wa kwanza, na kadi ya benki kukatwa upya bila mwenyewe kukumbuka. Kwa hiyo siku hiyohiyo unayonunua, zima kujihuisha kwa malipo ndani ya akaunti yako. Usinunue funguo za bei poa zinazouzwa mitandaoni bila risiti. Zikifungiwa, utabaki na mashine isiyolindwa huku ukidhani inalindwa.

Na bure nayo ina bei yake wakati mwingine. Antivirusi za bure za Avast zilikusanya kumbukumbu za tovuti ambazo watumiaji walizitembelea, na kampuni yake tanzu iitwayo Jumpshot ikaziuza. Mambo yalipofichuka mwanzoni mwa 2020 Jumpshot ilifungwa, na mwaka 2024 Avast ikatakiwa kulipa dola milioni 16.5. Unapoweka antivirusi ya bure, soma ukurasa wa faragha na uzime kila kipengele kinachoomba kushiriki taarifa zako.

Wenye Windows 10 wazingatie kwamba masasisho yake ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, ambao hujiungi usipoomba mwenyewe kupitia Windows Update, na Microsoft imeahidi kuendelea kuipatia Defender taarifa za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Lakini Defender yenye taarifa mpya juu ya mfumo endeshi wenye nyufa ni askari hodari kwenye nyumba isiyo na komeo. Mashine inayokidhi masharti ya Windows 11, ikiwamo chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ihamishwe. Isiyokidhi, na mitumba mingi haikidhi, inaweza kuwekewa Linux Mint, mfumo endeshi mwingine wa bure, kama kazi yake ni kuandika, kuchapa na kuvinjari.

Hatua ya nne: masasisho yasiyomaliza kifurushi

Naelewa kwa nini watu huzima masasisho. Unaunganisha kompyuta kwa intaneti ya simu ili utume barua moja, na kabla hujamaliza kuiandika kifurushi kimekwisha. Hata hivyo kuyazima kabisa ni hatari kubwa. Virusi vya WannaCry, vilivyofunga mafaili ya watu katika nchi nyingi tarehe 12 Mei 2017, vilipitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imeshautolea kiraka tarehe 14 Machi mwaka uleule. Waliokuwa wameweka kiraka hicho mlango wao ulikuwa umefungwa kwa karibu miezi miwili.

Dawa yake ni hii. Ukiwa umeunganisha intaneti ya simu, ingia Settings, Network & internet, bonyeza jina la mtandao huo, kisha uwashe Metered connection. Hapo Windows itajua kwamba unalipia kwa kipimo, na haitapakua masasisho makubwa bila idhini yako. Kisha panga siku moja kwa wiki, kwenye Wi-Fi ya kazini au usiku wenye kifurushi cha nafuu, uingie Windows Update na kubonyeza Check for updates wewe mwenyewe. Fanya hivyo mashine ikiwa na chaji ya kutosha. Sasisho likikatizwa na umeme uliokatika, kwenye mashine ambayo betri yake imekufa, Windows inaweza kushindwa kuwaka, nami nimepokea mashine za namna hiyo kila msimu wa mvua.

Kwa shule na zahanati zilizo visiwani na vijijini, ambako kompyuta haioni intaneti kwa miezi, ipo njia ambayo nasikitika kwamba haijulikani: Microsoft hutoa faili moja liitwalo mpam-fe.exe, lenye taarifa zote mpya za virusi kwa ajili ya Defender. Lipakue mjini kutoka tovuti ya Microsoft, libebe kwa flashi safi, na ulibonyeze mara mbili kwenye kila mashine. Nilimfundisha hivyo mhudumu mmoja wa maabara ya kompyuta Ukerewe, naye hulichukua upya kila anapovuka kuja mjini.

Hatua ya tano: flashi, mlango mkuu wa virusi vyetu

Ningeambiwa nitaje jambo moja tu linaloleta virusi kwenye mashine za Mwanza, ningetaja flashi inayotoka steshenari. Tazama inavyokuwa. Msimu wa kuwasilisha tafiti, wanafunzi wa Malimbe na Nyegezi wanapanga foleni kwenye steshenari zilezile, kila mmoja ana flashi, na kompyuta moja ya kuchapia inazipokea zote tangu asubuhi hadi usiku. Ikiugua hiyo moja, waliopanga foleni wote wanaondoka na ugonjwa.

Virusi vinavyoonekana zaidi ni vile ambavyo watu huviita vya "shotikati". Unafungua flashi, unaona folda zako zote zipo kwa majina yake, ila kila moja ina mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto, na ukitazama ukubwa unasoma KB 1 au 2. Wakati mwingine kuna ikoni moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Hizo si folda. Ni njia za mkato zilizotengenezwa na virusi. Ukibonyeza, virusi vinawaka kwanza kisha vinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu, pengine ndani ya folda isiyo na jina lolote.

Hilo nalisisitiza kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilifomati flashi ya mama mmoja mwenye duka la dawa, nikiamini kwamba haina kitu zaidi ya takataka, na hesabu zake za miezi mingi zilikuwa humo, zimefichwa. Nilijaribu kuzirejesha kwa programu za kufufua mafaili nikapata nusu, tena bila majina. Usifomati kabla hujatazama kilichofichwa.

Fanya hivi. Chomeka flashi, usiifungue. Ndani ya This PC, bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Scan with Microsoft Defender, na usubiri ukaguzi uishe. Tazama herufi iliyopewa, tuseme ni E. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Command Prompt, kisha andika mstari huu bila kukosea nafasi zake, ukibadilisha E kwa herufi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri hadi mstari mpya utokee. Amri hiyo huziondolea folda zako alama za kufichwa. Sasa fungua flashi, futa njia za mkato zote na kila faili usilolitambua lenye kuishia na .vbs, .js, .lnk au .exe, kisha nakili kazi zako halisi kwenye kompyuta, na hapo ndipo ufomati flashi. Ili uweze kuziona herufi hizo za mwishoni, kwenye dirisha la mafaili washa File name extensions, bila kufanya hivyo, faili la "Ripoti.docx.exe" litaonekana kama "Ripoti.docx", na huo ndio mtego. Ikiwa njia za mkato zinarudi kila unapochomeka flashi, basi kompyuta yenyewe inaumwa: rudi Windows Security, Scan options, uchague Microsoft Defender Antivirus (offline scan). Mashine itajizima na kujiwasha, na itakaguliwa kwa takriban dakika 15 kabla ya Windows kuwaka, wakati virusi havijapata nafasi ya kujificha.

Wenye steshenari nawaomba, kwa heshima zote, wapokee kazi kwa barua pepe pale inapowezekana, na kwa flashi waikague mbele ya mteja. Nanyi wateja mnaofungua WhatsApp yenu kwenye kompyuta ya steshenari ili mchape, mkimaliza ingieni kwenye simu, sehemu ya Linked devices, mwiondoe mashine hiyo. Nimekuta mazungumzo ya familia za watu yamebaki wazi kwa siku nzima.

Hatua ya sita: maonyo ya uongo na programu zilizokrekiwa

Dirisha dogo linalochomoza pembeni mwa skrini, lenye nembo ya antivirusi maarufu na maneno mekundu kwamba una virusi vitano, kwa kawaida halitoki kwenye antivirusi yoyote. Uliwahi kutembelea tovuti ya mpira au ya filamu, ikakuomba ruhusa ya kukutumia arifa, ukabonyeza Allow ili uendelee. Kwenye Chrome fungua Settings, Privacy and security, Site settings, kisha Notifications, na uondoe kila jina usilolijua. Mzee mmoja wa Pasiansi alikuwa ametaka kununua kompyuta nyingine kwa sababu ya maonyo hayo. Tuliondoa majina yapata kumi na mawili ndani ya dakika tatu, akakaa kimya akiitazama skrini iliyotulia.

La programu zilizokrekiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila leseni, ni zito zaidi. Maelekezo yake karibu daima huanza kwa kukutaka uzime antivirusi, na fundi akikupigia Windows kwa njia hiyo akaiacha Defender imezimwa, amekukabidhi nyumba ikiwa wazi. Virusi vya kikombozi vya familia ya STOP, au Djvu, vilivyoanza kuonekana mwaka 2018, vimesambaa hasa kwa kujificha ndani ya programu za aina hiyo. Badala ya kukreki Office tumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafungua mafaili yaleyale.

Hatua ya saba: nakala

Mwanafunzi mmoja aliniletea mashine ambayo utafiti wake wote ulikuwa umebadilishwa majina, kila faili likiwa na herufi nne ngeni mwishoni, na barua ya kudai dola ikiwa kwenye kila folda. Antivirusi niliyoiweka iliviondoa virusi kwa dakika chache. Mafaili yalibaki yamefungwa. Usilipe, na usiyafute. Ingia nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, ambako funguo zilizopatikana hutolewa bure. Emsisoft nayo ilitoa mwaka 2019 zana inayofungua matoleo mengi ya zamani ya Djvu. Kwa yule mwanafunzi toleo lilikuwa jipya mno. Alichookoa ni sura mbili alizokuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe.

Kwa hiyo weka kazi zako sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive au OneDrive, angalau kwa mafaili ambayo huwezi kuyaandika upya. Diski ya nje ichomekwe siku ya kunakili tu, kwa kuwa virusi vya kikombozi hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa, na umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika unaweza kuunguza vyote vilivyounganishwa kwa pamoja. Nakili kila Ijumaa kabla ya kufunga kazi. Ukimaliza, ipeleke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, ufungue faili moja la wiki hii na moja la mwaka jana, uvisome hadi mwisho ili uone kwamba viko kamili, kisha ichomoe, uifunge ndani ya mfuko wake mkavu, na uiweke chumba kingine.